Balozi, Waziri na Neno Lisilotamkwa: Uhakiki wa Wasifu wa Wanadiplomasia

Miongoni mwa kazi za uandishi ambazo wanafunzi wetu hupewa mara kwa mara ni wasifu wa mtu mashuhuri, na miongoni mwa watu mashuhuri wanaopendwa na watungaji wa maswali ni wanadiplomasia. Sababu yake ni dhahiri. Maisha ya mwanadiplomasia yamekwisha kupangwa tayari kama ngazi: alizaliwa mwaka fulani, akasoma chuo fulani, akapelekwa ubalozi wa nchi fulani, akahamishiwa nchi nyingine, hatimaye akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwanafunzi hana kazi ila kupanda pamoja naye kidato kwa kidato, na wakifika juu anaweka nukta. Insha hiyo hupata alama nzuri. Lakini ukiisoma mara ya pili waona kwamba mtu mwenyewe hayumo. Vyeo vimo, tarehe zimo, majina ya miji yamo. Alichokisema, na alichonyamaza asikiseme, hakimo.

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Gisozi tuna sababu ya pekee ya kutoridhika na wasifu wa namna hiyo. Katika kilima chetu hiki, chenye Gakiriro ambako mafundi seremala hupiga randa mchana kutwa na Kiswahili hakikosi kusikika, ndimo lilimojengwa Jumba la Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari lililofunguliwa Aprili 2004. Hapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Tangu Septemba 2023 mahali hapo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na Nyamata, Murambi na Bisesero. Mawaziri wa nje na mabalozi wa mataifa mengi huja kuweka mashada ya maua na kuandika maneno machache katika kitabu cha wageni. Watu ambao kazi yao ni maneno husimama mbele ya makaburi ya watu walioangamia, kwa sehemu, kwa sababu kuna maneno ambayo wenye kazi hiyo hawakuyasema kwa wakati wake. Ni vigumu kufundisha wasifu wa balozi katika kilima hiki kana kwamba balozi ni orodha ya vyeo tu.

Tuanze na neno lenyewe. Balozi ni neno lililofika pwani yetu kwa njia ya bahari. Waturuki waliwaita hivyo wajumbe wa Venezia waliokaa katika miji yao, na jina likasafiri na biashara mpaka likawa letu. Watanzania wakalishusha kutoka majumba ya serikali hadi uani: balozi wa nyumba kumi ni mtu anayejua ni nani amelala njaa na ni nani amepokea mgeni. Kinyarwanda kina neno intumwa, ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hulitambua mara moja, kwa kuwa mzizi wake ni ule ule wa kutuma na mtume. Kwa hiyo ukiyaweka maneno haya pamoja, balozi ni mtu aliyetumwa, naye hukaa karibu kiasi cha kujua yanayotendeka. Mambo hayo mawili, kutumwa na kujua, ndiyo mizani tutakayoitumia. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Tutaona kwamba hapa Kigali methali hiyo ilivunjwa.

Tumchukue Salim Ahmed Salim, kwani ndiye tunayekutana naye mara nyingi zaidi katika insha tunazosahihisha. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1942. Mwaka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, akiwa na umri wa miaka 22, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Akaenda India, akapita Uchina kwa muda mfupi, na mwaka 1970 akafika New York kuwa Mwakilishi wa Kudumu wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa, ambako alikaa miaka kumi. Aliongoza Kamati ya Kuondoa Ukoloni tangu 1972, akawa Rais wa Baraza Kuu katika kikao cha 34 kilichoanza 1979. Mwaka 1980 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1984, baada ya kifo cha Edward Sokoine, akawa Waziri Mkuu. Kutoka 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hiyo ndiyo ngazi, na hakuna kosa katika kuiandika. Kosa ni kudhani kwamba ukiisha kuiandika umemwandika Salim.

Mwanafunzi mwenye bidii huongeza kisa kimoja: usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu lilipopiga kura ya kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake. Kura zilikuwa 76 za kukubali, 35 za kukataa, na nchi 17 hazikuegemea upande wo wote. Husimuliwa kwamba balozi kijana wa Tanzania alicheza ngoma ukumbini kwa furaha. Wanafunzi hukipenda kisa hiki, na hatuwalaumu, maana ndipo pekee katika insha nzima mtu anapotikisa kiungo. Lakini ngoma hiyo imefunika jambo lenye uzito zaidi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha azimio lenyewe, na balozi wake, kijana wa miaka 29, alikuwa amefanya kazi ya miezi mingi ya kushawishi, kuhesabu na kuhesabu tena. Ushindi wa balozi hupatikana katika vikao vya faragha. Ukumbini huja kutangazwa tu. Wasifu unaoanza na kuishia ukumbini umeona matunda, haukuona shamba.

Deni la usiku ule lililipwa miaka kumi baadaye. Mwaka 1981 Salim, wakati huo akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu tena na tena, nayo China ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa akitaka kipindi cha tatu. Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo alikuwa George Bush, yule yule aliyekuwa balozi wa nchi yake ukumbini usiku wa 1971. Mkwamo ulidumu wiki kadhaa. Aliyeufungua alikuwa Mwafrika Mashariki mwingine, Olara Otunnu wa Uganda, aliyekuwa Rais wa Baraza la Usalama kwa mwezi wa Desemba akiwa na miaka 31: aliwaomba wagombea wote wawili wakae kando, akaendesha kura ya kupima maoni juu ya waliobaki, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapatikana. Otunnu naye baadaye, mwaka 1985, akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi yake, chini ya serikali ya kijeshi iliyodumu miezi michache tu. Twajiuliza kwa nini Otunnu hatokei katika maswali ya mtihani. Labda ngazi yake haikunyooka.

Miaka minne ya Salim katika uwaziri tunaipita haraka, nasi tuna sababu. Waziri wa nje wa Mwalimu Nyerere alikuwa akifanya kazi chini ya rais ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mwanadiplomasia mkuu wa nchi, na si rahisi kutenga sauti ya mmoja na ya mwingine. Jambo ambalo hatukubali kulipita haraka ni lile ambalo karibu kila insha hulipita. Wanafunzi huandika: "Alikuwa Katibu Mkuu wa OAU kwa vipindi vitatu." Sentensi moja, miaka kumi na miwili. Ndani ya miaka hiyo imo Rwanda.

Hapa hatuna budi kumwacha Salim kidogo na kumleta mtu ambaye wanafunzi wa Afrika Mashariki hawamjui, na hata wa hapa kwetu humjua kwa jina tu. Boniface Ngulinzira hakupanda ngazi ya ubalozi. Alikuwa mwanasiasa wa chama cha MDR, akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Rwanda mwezi wa Aprili 1992, serikali ya vyama vingi ilipoundwa chini ya Waziri Mkuu Dismas Nsengiyaremye. Diplomasia aliisomea mezani, na meza hiyo ilikuwa Arusha. Mazungumzo yalisimamiwa na Tanzania kwa niaba ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na aliyekuwa akikaa nayo siku baada ya siku alikuwa Balozi Ami Mpungwe. OAU ilikuwapo kama mshiriki, ikatoa pia kikosi kidogo cha wanajeshi waangalizi. Makubaliano ya kusimamisha vita yalipatikana Julai 1992. Itifaki ya utawala wa sheria, Agosti. Itifaki za kugawana madaraka zikakamilika tarehe 9 Januari 1993.

Angalieni hali ya waziri huyu. Mbele yake wamekaa wajumbe wa RPF, ambao ni wapinzani wake katika mazungumzo. Nyuma yake, Kigali, yupo rais ambaye tarehe 15 Novemba 1992 alisimama Ruhengeri akayafananisha makubaliano hayo na vipande vya karatasi. Balozi ye yote hufundishwa kwamba nguvu yake hutoka kwa yule aliyemtuma. Ngulinzira aliketi mezani huku aliyemtuma akiichana karatasi aliyokuwa akiiandika. Hata hivyo aliendelea kuandika. Mwezi wa Julai 1993 aliondolewa katika uwaziri, na mkataba wenyewe ulipotiwa sahihi tarehe 4 Agosti na Rais Habyarimana na Alexis Kanyarengwe wa RPF, kiti chake kilikuwa na mwingine, Anastase Gasana. (Gasana alirudi kuwa waziri wa nje baada ya Julai 1994, kisha baadaye akapelekwa Umoja wa Mataifa kuwa balozi. Ngazi ile ile, lakini kwa kushuka. Mwanafunzi angeiandikaje?)

Aprili 1994 mauaji yalipoanza, Ngulinzira alikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia shule ya ufundi ya ETO huko Kicukiro, mahali walipokuwa na kambi askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondoka. Ngulinzira aliuawa siku hiyo. Kutoka ETO mpaka Gisozi ni ndani ya mji mmoja. Wasifu wake hautoshei katika ngazi yo yote. Ni wasifu wa mtu aliyetia sahihi maneno akayaamini, na ambaye wenye mabunduki walimwelewa vizuri kuliko wenye bendera.

Tukitaka kujua maneno yalikuwa yakifanya nini wakati huo, twende New York. Kwa bahati mbaya ya kihistoria, Rwanda ilikuwa mwanachama wa Baraza la Usalama mwaka 1994, na kiti chake kilikaliwa na Jean-Damascène Bizimana, balozi wa serikali iliyokuwa ikiongoza mauaji. Alikaa humo, akasikiliza, akapiga kura. Tarehe 21 Aprili Baraza lilikipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa, kilichoidhinishwa kwa askari 2,548, kikabaki askari 270. Tarehe 30 Aprili Baraza lilitoa taarifa. Rais wake wa mwezi huo, Balozi Colin Keating wa New Zealand, alitaka kosa litajwe kwa jina lake. Wakubwa hawakutaka, kwa sababu jina hilo lina sheria nyuma yake, na Mkataba wa 1948 unawabana waliouridhia wazuie na waadhibu. Basi taarifa ikaandikwa kwa ufundi wa ajabu: ilieleza kwamba kuua watu wa kundi la kikabila kwa nia ya kuliangamiza lote au sehemu yake ni kosa linaloadhibiwa kwa sheria za mataifa. Hayo ni maneno ya Mkataba wenyewe. Maana ya neno iliwekwa, neno likatolewa. Hatujapata kuona mfano bora kuliko huu wa kufundishia tofauti kati ya kufasili na kutaja.

Na Addis Ababa? Hapo ndipo sentensi ya mwanafunzi juu ya vipindi vitatu inapofumuka. OAU ilipinga kupunguzwa kwa askari, na Katibu Mkuu wake alilaani umwagaji damu. Hayo ni kweli na lazima yaandikwe. Ni kweli pia kwamba laana hizo zililaani mauaji pasipo kuwataja wauaji, na kwamba mwezi wa Juni 1994, wakuu wa Afrika walipokutana Tunis, ujumbe wa serikali ya mauaji ulipokewa ukakaa katika kiti cha Rwanda kama ujumbe mwingine wo wote. Tusimbebeshe mtu mmoja mzigo wa serikali hamsini na zaidi. Katibu mkuu wa jumuiya ya marais ni mtumishi wao, naye hana askari hata mmoja wa kumwamuru. Lakini tuliyemsoma hapa ni mtu aliyewahi, akiwa na miaka 29, kuigeuza kura ya dunia kwa kutembea mlango kwa mlango. Kumsamehe kwa kusema kwamba hakuwa na nguvu ni kumnyima sifa zile zile tulizompa kwa ajili ya 1971. Mhakiki hawezi kuwa na mizani mbili kwa mtu mmoja.

Tena ni haki kuongeza kwamba Salim hakuifunika kesi hiyo. Mwaka 1998, yeye akiwa bado Katibu Mkuu, OAU iliunda jopo la watu mashuhuri chini ya Ketumile Masire, aliyekuwa Rais wa Botswana, lichunguze yaliyotokea. Taarifa ya jopo hilo ilitoka mwaka 2000, na jina lake lilitangaza kwamba mauaji hayo yangeweza kuzuiwa. Haikuinusuru OAU. Ilisema wazi kwamba kunyamaza kwa jumuiya hiyo na kwa wengi wa viongozi wa Afrika kulikuwa ni anguko la kimaadili, ikakitaja kikao cha Tunis bila kupaka mafuta. Ni nadra ofisi kugharimia hukumu yake yenyewe na kuichapisha. Mwaka huo huo, huko Lomé, hati ya kuanzisha Umoja wa Afrika iliingiza katika kifungu cha nne haki ya Umoja kuingilia kati nchini mwa mwanachama panapotokea mauaji ya kimbari, jinai za kivita na jinai dhidi ya binadamu. Neno ambalo mwaka 1994 halikupata nafasi mezani liliwekwa katika msingi wa nyumba. Ikiwa tunatafuta kilele cha maisha ya Salim ya kidiplomasia, sisi tungekitafuta hapo, si katika ngoma.

Sasa tuje kwenye kazi yetu, maana walimu wenzetu watauliza: yote haya yanahusu nini somo la lugha? Yanahusu vitenzi. Mwanafunzi wetu mmoja, tena mzuri, aliandika katika wasifu wake: "Mwaka 1994 Wanyarwanda waliuana." Kisarufi sentensi haina kasoro. Kiambishi -an- kimekaa mahali pake, na kauli ya kutendana tumeifundisha wenyewe. Lakini kauli hiyo ina sharti: kila mmoja awe mtenda na mtendwa. Wanaopendana, kila mmoja hupenda na hupendwa. Wanaouana, kila mmoja huua na huuawa. Mtoto aliyetolewa ndani ya kanisa la Nyamata hakuuana na mtu. Kwa silabi moja mwanafunzi amefanya kile ambacho taarifa za 1994 zilikifanya kwa kurasa nzima, yaani kuwasawazisha wauaji na waliouawa. Vivyo hivyo mapigano, mapambano na machafuko ya kikabila. Mapigano hutokana na kupigana, na kupigana huhitaji watu wawili wenye mikono iliyo huru.

Mwingine hukimbilia kauli ya kutendwa: "Watu zaidi ya milioni moja waliuawa." Hii ni afadhali, lakini nayo ina mlango wa nyuma. Kiswahili hukiruhusu kitenzi cha kutendwa kisimame pasipo kumtaja mtenda. Kiungo "na" kinaweza kudondoshwa bila sentensi kuanguka. Mwanadiplomasia anaijua ruhusa hiyo kuliko mwanasarufi. Waliuawa, walihamishwa, makosa yalifanyika. Ukitaka kujua taarifa ya serikali inaficha nini, tafuta "na" isiyokuwapo.

Halafu kuna majina. Kinyarwanda kilipitia njia yake yenyewe: palikuwa na itsembabwoko, lenye kutsemba, yaani kuangamiza kabisa, na ubwoko, baadaye likashika neno jenoside, na tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2008 jina rasmi likawa jenoside iliyotendwa dhidi ya Watutsi. Umoja wa Mataifa ulifuata Januari 2018, Baraza Kuu lilipoiita tarehe 7 Aprili kwa jina hilo. Kiswahili kina mauaji ya kimbari na mauaji ya halaiki, na wengi huyatumia kana kwamba ni pacha. Si pacha. Halaiki ni wingi wa watu. Neno linahesabu tu. Mbari ni ukoo, ni watu wa asili moja. Neno linasema walengwa ni akina nani na kwa nini. Bomu likiangushwa sokoni linaua halaiki bila kuuliza ukoo. Mwanafunzi anayeandika halaiki hapa Rwanda amehesabu maiti akasahau vitambulisho vilivyokaguliwa vizuizini. Twapendekeza kwamba tunaposahihisha, tusiyachukulie maneno haya mawili kuwa visawe, hata kama baadhi ya kamusi zinayapanga jirani.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumtwisha mtoto wa sekondari mambo ya Baraza la Usalama. Twajibu kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu bunge lilipopitisha sheria yake mwaka 2017, na tangu Februari 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji, ambaye kwa miaka zaidi ya kumi alikuwa waziri wa nje wa nchi yake, aliwahutubia wakuu wenzake kwa Kiswahili huko Addis Ababa mwezi wa Julai 2004, na wakalimani wakababaika. Siku hizo za mzaha zimepita. Miongoni mwa wanaoketi mbele yetu leo wamo watakaoandika taarifa za kesho kwa lugha hii. Mkataba wa Arusha uliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, ingawa ulijadiliwa katika mji ambao hata muuza ndizi wake huzungumza Kiswahili. Siku mkataba wa namna hiyo utakapoandikwa kwa Kiswahili, hila za -an- na za kauli ya kutendwa zitakuwa zetu, na hatutakuwa na Mfaransa wala Mwingereza wa kumlaumu.

Tumetaja Kifaransa. Tarehe 27 Mei 2021 Rais Emmanuel Macron alisimama hapa hapa Gisozi akakiri kwamba Ufaransa ilikuwa na wajibu wake katika yaliyotokea, akakataa kwamba ilishiriki katika jinai yenyewe, wala hakuomba radhi kwa neno la kuomba radhi. Alisema tu kwamba walionusurika ndio pekee wanaoweza, pengine, kusamehe. Rais Kagame alijibu kwamba maneno hayo yalikuwa na thamani kuliko kuomba radhi, kwa kuwa yalikuwa ukweli. Tuliwapa wanafunzi hotuba hiyo waieleze kwa Kiswahili, nao wakakwama pale pale tulipotarajia. Neno letu wajibu lina sura mbili: ni jambo unalopaswa kulifanya, na ni lawama inayokupasa kwa lililokwisha kufanyika. Wengine wakaandika dhamana, mmoja akaandika hatia, jambo ambalo msemaji alikuwa amelikwepa kwa makusudi. Kwa maoni yetu "kubeba sehemu ya lawama" ndiyo iliyokaribia zaidi. Mjadala ule wa saa moja uliwafundisha juu ya kazi ya waziri wa nje kuliko insha kumi za ngazi.

Na ikiwa mwalimu anataka mfano wa Mnyarwanda aliyepanda kutoka ubalozi hadi uwaziri, yupo. Olivier Nduhungirehe alikuwa naibu mwakilishi huko New York, kisha balozi nchini Ubelgiji, kisha mwaka 2017 waziri wa nchi katika Wizara ya Mambo ya Nje aliyeshughulikia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aprili 2020 aliondolewa, na sababu iliyotangazwa ni kwamba alikuwa akitenda kwa kufuata maoni yake binafsi badala ya sera ya serikali. Baadaye akapelekwa Uholanzi kuwa balozi, na Juni 2024 akateuliwa Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 27 Juni 2025 alitia sahihi, huko Washington, makubaliano ya amani pamoja na waziri mwenzake wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner. Wasifu wa kawaida ungeiruka Aprili 2020 kwa adabu. Sisi tungeuanza hapo. Mtu aliyetumwa akionekana kusema la moyoni mwake akaondolewa, kisha akatumwa tena, ndipo tunapopata swali la kweli: katika kinywa cha balozi, ni maneno yapi yaliyo yake? Mkataba wa Washington ni mbichi mno kuhukumiwa na mwalimu wa lugha. Vitenzi vyake, hata hivyo, vinaweza kusomwa leo.

Kwa ajili ya muhula ujao sisi tumekwisha kubadili swali. Hatuulizi tena "Andika wasifu wa mwanadiplomasia mashuhuri." Tunampa mwanafunzi balozi mmoja na siku moja: Salim, 25 Oktoba 1971, Ngulinzira, 9 Januari 1993, Keating, 30 Aprili 1994, au Manzi Bakuramutsa, aliyekikalia kiti kile kile cha Rwanda tarehe 8 Novemba 1994 akapiga kura ya kuikataa mahakama ya kimataifa ambayo serikali yake mpya ndiyo iliyokuwa imeiomba, kwa kuwa hakuridhika na mipaka ya muda iliyowekewa wala na adhabu zake. Mwanafunzi aeleze aliyetumwa alitumwa na nani, alijua nini siku hiyo, na alisema nini. Kurasa mbili zinatosha. Walimu watakaopenda kulijaribu swali hili watuletee insha mbili tatu za wanafunzi wao, hasa zile zilizoshindwa, tuzipitie pamoja katika mkutano wa chama kabla ya mitihani.